Mate hayamngoji mpimaji

Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Kauli hii imezoeleka mno vinywani mwetu hata hatuisikii tena kama ushauri wa afya. Tunaisikia kama hekima ya siasa, ya ndoa na ya ajira. Mbunge akiasi chama, ni jino bovu. Karani akizembea kazini, ni jino bovu. Lakini katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, tangu Shauri Moyo na Kaloleni hadi Umoja, Kayole na Dandora, kauli hiyo ingali na maana yake ya asili, na kwa wakazi wengi ndiyo sera halisi ya afya ya kinywa. Mtu huenda kwa daktari wa meno siku ambayo ameshindwa kulala, na arudipo amepungukiwa na jino. Kwamba jino hilo lilikuwa limelegea kwa miaka kadhaa, na kwamba fizi zilikuwa zikitoka damu kila asubuhi, ni jambo ambalo hakuna aliyemwuliza, wala yeye mwenyewe hakuliona kuwa neno.

Ndiyo maana habari za kupima ugonjwa wa fizi kwa kutumia mate zastahili kupokewa kwa furaha. Zastahili pia kupokewa kwa tahadhari. Mate ni shahidi mwema, lakini ni shahidi asiyekaa na habari kwa muda mrefu. Kabla ya kipimo cha namna hiyo kusambazwa katika zahanati na shule za Eastlands, sharti tujue ushahidi wake hudumu saa ngapi katika joto letu, katika safari zetu na katika umeme wetu unaopotea bila taarifa.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana nini na mate. Ana mengi. Isimu ni taaluma inayoshughulika na ishara, na kiashiria cha ugonjwa ni ishara. Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga, nao walijua fika kwamba wingu laweza kupeperushwa kabla mkulima hajainua macho. Fauka ya hayo, mate hutolewa na mtu aliyeelekezwa kwa maneno namna ya kuyatoa, na maneno hayo, kama nitakavyoeleza, huharibu au huokoa sampuli.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtu asiposafisha meno, utando wa bakteria hujijenga kwenye shina la jino, na baadaye hukauka ukawa ule uchafu mgumu ambao Kiswahili kimeuita ukoga tangu zamani. Fizi huvimba, zikawa nyekundu, zikatoka damu. Hatua hii hurekebika. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba vijana 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walikuwa wamepata uvimbe wa fizi; waliporejea kusafisha, uvimbe ukatoweka kwa muda wa wiki moja hivi. Hicho ndicho kisa ambacho ningependa kila mwanafunzi wa kidato akijue, kwa kuwa kinaonyesha sababu na tiba kwa pamoja, tena bila kutumia hata senti moja.

Kuna hatua ya pili, nayo hairekebiki. Uvimbe hushuka chini ya ufizi, nyuzi zinazolishika jino zikakatika, na mfupa wa taya ukaanza kuliwa. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huo hufanywa na mwili wenyewe. Chembe nyeupe za damu, zikija kupigana na bakteria, hutoa vimeng'enya vya kukata kolajeni, yaani ile protini inayofanya tishu zishikamane. Kimojawapo cha vimeng'enya hivyo wataalamu hukiita MMP-8. Kikimiminika kwa wingi kinywani, ni dalili kwamba kuna ubomoaji unaoendelea. Hiki ndicho kiashiria kilichochunguzwa zaidi ya vingine katika mate, na mtafiti Timo Sorsa wa Chuo Kikuu cha Helsinki amekishughulikia kwa miongo mingi.

Kwa nini tuhitaji kiashiria ilhali fizi zinazotoka damu zaonekana kwa macho? Jibu lilipatikana hapa hapa kwetu. Mwaka 1988 Vibeke Baelum na Ole Fejerskov wa Denmark, pamoja na Mkenya Firoze Manji, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa watu 1,131, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo. (Manji ndiye yule ambaye baadaye alianzisha jarida la mtandaoni la Pambazuka, jina zuri ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kulisifu.) Waligundua kwamba ukoga na uvimbe wa fizi vilikuwa karibu kila kinywani. Hata hivyo, uharibifu mkubwa wa nyuzi na mfupa haukuwa umeenea hivyo: ulirundikana kwa watu wachache. Dhana iliyokuwa ikifundishwa, kwamba kila mwenye fizi za damu ataishia kupoteza meno, haikusimama.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 nao ulikuta fizi zinazotoka damu kwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima. Basi tafakari, msomaji. Ikiwa karibu kila mtu ana dalili, dalili hiyo haimtengi yeyote. Ni sawa na mwalimu anayetahini darasa zima kwa swali ambalo wote hulikosa: hajui nani anahitaji msaada wa haraka. Tunachokihitaji Eastlands ni njia ya kuwapata wale wachache ambao mfupa wao unaliwa leo, kabla jino halijalegea. Daktari mwenye kioo, chombo cha kupimia kina cha mfuko wa ufizi kwa milimita, na picha ya eksirei anaweza kuwapata, lakini daktari huyo hawezi kukizungukia kila kinywa kutoka Makadara hadi Njiru. Hapo ndipo mate yanapovutia. Hayahitaji sindano wala kiti cha daktari. Mhudumu wa afya wa mtaani aweza kuyakusanya katika ukumbi wa shule.

Lakini je, mate yakishaingia katika neli, yanatulia?

Mwalimu yeyote wa biolojia anajua kwamba hayatulii. Kuna jaribio la kale katika maabara zetu za shule: wanga ndani ya maji, matone ya iodini, rangi ya buluu iliyokoza. Ukitia mate, rangi ile hufifia hatimaye ikapotea, maana kimeng'enya cha mate kimeuvunja wanga kuwa sukari. Ukiweka neli moja katika maji ya uvuguvugu na nyingine katika barafu, ile ya barafu huchelewa sana. Ukiyachemsha mate kwanza, wanga hubaki ulivyokuwa. Mwanafunzi aliyeliona jaribio hilo hahitaji shahada ya udaktari kulielewa tatizo ninalolizungumzia. Mate ni karakana iliyo wazi usiku na mchana. Ndani yake mna vimeng'enya vya mwili, mna bakteria kwa mamilioni, na bakteria hao nao wana vimeng'enya vyao vya kuvunja protini. Karakana hiyo haifungwi eti kwa sababu mate yametoka kinywani. Huendelea na kazi ndani ya neli, na malighafi yake ni pamoja na zile protini tulizokusudia kuzihesabu.

Baadhi ya protini ndogo za mate, kama vile histatini na statherini, huanza kuvunjika upesi mno, hata kabla ukusanyaji haujakamilika. Nyingine hustahimili. Homoni ya kotisoli hustahimili kiasi kwamba sampuli zake hutumwa kwa posta katika nchi za Ulaya. Wakati wa janga la Korona, mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani walionyesha kwamba chembe za urithi za virusi vile zaweza kudumu katika mate kwa siku kadhaa bila barafu wala dawa ya kuhifadhi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mate ni imara, au kwamba mate si imara, hajasema lolote. Mate si kitu kimoja. Swali ni kiashiria kipi, katika joto gani, kwa saa ngapi, na kabla au baada ya kuondoa mabaki ya chembe na bakteria kwa mashine ya kuzungusha.

Kwa viashiria vya fizi, desturi ya maabara kubwa ni hii: mate hukusanywa asubuhi kwa saa maalumu, mtu akiwa hajala wala kupiga mswaki kwa muda uliowekwa, neli hukaa ndani ya barafu, huzungushwa mapema, wengine hutia dawa ya kuzuia vimeng'enya, kisha huhifadhiwa katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sufuri. Tena husisitizwa kwamba sampuli isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara, kwani kila mara inapoyeyuka hubadilika. Viwango tunavyovisoma katika majarida, kwamba zaidi ya kiasi fulani mtu ni mgonjwa na chini yake ni mzima, kwa sehemu kubwa vimezaliwa katika mazingira hayo.

Sasa chukua mazingira yetu. Mhudumu anakusanya mate ya wanafunzi 40 Kayole saa tatu asubuhi. Wa kwanza amemaliza saa tatu, wa mwisho saa tano. Kasha la barafu lipo, lakini barafu yenyewe ilitiwa alfajiri. Matatu inakamata barabara ya Jogoo, inakwama Makadara, inaingia mjini. Kutoka hapo kuna safari nyingine hadi upande wa magharibi, barabara ya Argwings Kodhek iliko skuli ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au barabara ya Mbagathi ziliko maabara za taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI. Saa nane mchana neli zinapokewa. Nimeigiza safari hii tu, wala simlaumu yeyote, lakini mkazi wa Eastlands ataamua kama nimetia chumvi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni aina ya kosa linaloweza kutokea. Kiashiria kilichovunjika njiani hakiachi alama ya kuvunjika. Maabara itasoma kiwango kidogo na kuandika: mzima. Mama wa Mathare Kaskazini ambaye mfupa wake unaliwa ataambiwa aende nyumbani kwa amani, naye ataamini, maana amepimwa kwa sayansi. Vingine vyaweza kukosea kinyume chake, kwa kuwa bakteria waliomo ndani ya neli wanaweza kukiamsha kimeng'enya kilichokuwa kimelala, na mtu akahesabiwa mgonjwa kwa jambo lililotendeka ndani ya matatu. Hali kadhalika, ukilinganisha mate ya Kayole yaliyosafiri saa tano na mate ya mtaa ulio jirani na maabara yaliyosafiri dakika kumi, utapata tofauti na kuiita tofauti ya afya. Kesho itaandikwa katika ripoti, na mipango ya kaunti itajengwa juu yake.

Je, hakuna njia? Ipo, na tumekwisha kuionja. Mwaka 2017 Kenya ilizindua kujipima virusi vya Ukimwi, na mojawapo ya vipimo vilivyoidhinishwa ni kile cha kupangusa fizi kwa kijiti. Kipimo hicho kimefaulu kwa sababu mbili. Kinachotafutwa ni kingamwili, ambazo ni protini ngumu, na jibu husomwa palepale, chini ya saa moja, bila safari yoyote. Vipimo vya MMP-8 vya aina hiyo vimekwisha kutengenezwa Ulaya: mtu husukutua, matone huwekwa kwenye kipande cha kupimia, na baada ya dakika chache mstari hutokea au hautokei. Kipimo kisichosafiri hakiogopi barabara ya Jogoo. Hata hivyo, nacho hukaa ghalani, na ghala la zahanati lenye paa la mabati si ghala la Helsinki. Kijaribiwe hapa kwanza, katika joto la Februari, kando ya daktari mwenye kioo na chombo chake cha milimita, kwa wakazi wa hapa.

Nasema kando ya daktari kwa sababu hata ulimwengu wa wataalamu haujamwondoa. Uainishaji mpya wa magonjwa ya fizi, uliokubaliwa na wataalamu wa Marekani na Ulaya huko Chicago mwaka 2017 na kuchapishwa mwaka uliofuata, ungali unategemea vipimo vya kinywani na picha za mfupa. Viashiria vya mate vimeachiwa nafasi kwa siku za usoni. Basi asije mtu akatuambia kwamba kaunti haina haja ya kuajiri madaktari wa meno Eastlands eti kwa kuwa neli zinakuja.

Narudi kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapofahamu zaidi. Katika zahanati zetu mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu huombwa makohozi. Wahudumu hulalamika kwamba wengi huleta mate, na kwa hiyo huwafundisha: vuta pumzi, kohoa kutoka kifuani, tema. Mafunzo hayo yameingia. Sasa mwambie mtu huyohuyo, katika zahanati ileile, "Tema mate humu." Atavuta pumzi, atakohoa kutoka kifuani, naye atakupa kila kitu isipokuwa mate safi. Tena kitendo cha kutema chenyewe huchochea tezi na kubadilisha mchanganyiko wa mate. Maabara hupendelea mate yaliyochuruzika yenyewe. Kwa hiyo agizo sahihi si kutema, ni "Keti, inamisha kichwa, usimeze, usikohoe, acha mate yajikusanye na kuchuruzika ndani ya neli." Tofauti ya vitenzi viwili, kutema na kuchuruzika, ni tofauti ya sampuli mbili.

Vivyo hivyo, ukisema "usipige mswaki asubuhi ya leo," yupo mzee wa Pumwani ambaye ataacha brashi ya plastiki na kuendelea na kijiti chake. Neno mswaki lilikuwa la kijiti kabla halijahamia kwenye plastiki, na kwa waumini wengi wa Pumwani na Eastleigh kijiti kingali mswaki wa kweli. Mtafuna miraa naye akiambiwa asile chochote, atasema kwa moyo mweupe kwamba hakula. Na aliyefunga Ramadhani atakuwa na kinywa kikavu saa tisa alasiri, mate machache, mazito, yenye kila kitu kwa kipimo kisicho cha kawaida yake. Haya hayasuluhishwi kwa kutafsiri karatasi ya Kiingereza neno kwa neno usiku wa kuamkia zoezi. Yahitaji mtu wa maabara na mtu wa lugha wakae meza moja, kisha maagizo yasomwe kwa wakazi kumi au ishirini na kuonekana wanafanya nini. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Sioni sababu fomu ya ridhaa ya kutoa mate iandikwe kwa lugha ambayo mtoaji haielewi.

Najua lipo pingamizi. Mtu atasema, na ana haki: mnahangaika na joto la mate ilhali kuna watoto wanaogawana mswaki mmoja na ndugu zao. Kweli, Löe alikwisha kutuonyesha kwamba uvimbe wa fizi hauhitaji kipimo cha kigeni ili utibiwe. Mwalimu anayesimamia usafishaji wa meno baada ya chakula cha mchana anafanya zaidi ya maabara nyingi. Lakini kuna wale wachache wa Machakos, ambao pia wapo Dandora, na kati yao wenye kisukari wako hatarini zaidi. Hao hawaokolewi na mswaki pekee, na ndio ambao kipimo kibovu kitawapoteza bila kelele.

Kwa bahati nzuri, nidhamu inayohitajika si ngeni kwetu. Tangu mpango wa chanjo wa taifa uanzishwe mwaka 1980, wauguzi wamekuwa wakisoma kipimajoto cha jokofu asubuhi na jioni na kuandika katika daftari. Muuguzi anayejua kwamba chanjo iliyopata joto ni maji tu ataelewa mara moja kwamba mate yaliyopata joto si mate yaleyale. Kinachokosekana ni utafiti mdogo, usio wa gharama kubwa: mate ya watu wale wale yagawanywe, mengine yapimwe papo hapo, mengine yaachwe saa mbili, saa nne, saa nane, ndani ya kasha la barafu na nje yake, kisha tujue kila kiashiria hupoteza kiasi gani. Hiyo ni kazi ya tasnifu moja ya uzamili. Chuo chochote cha Nairobi chaweza kuifanya, na ingefaa ifanywe Eastlands, si katika chumba chenye kiyoyozi.

Hadi hapo, mwalimu mkuu akijiwa na wageni wenye makasha na neli, wakitaka mate ya wanafunzi wake, ana haki ya kuomba idhini ya wazazi na kibali cha utafiti, kama ilivyo desturi. Aongeze maswali mengine mawili: neli hizi zitafika maabara saa ngapi, na usiku wa leo umeme ukipotea zitalala wapi?